Jukwaa la Fundi Huanzia Ardhini

Pita Bariadi mwezi wa Septemba, utaona ardhi ya mbuga imepasuka nyufa zinazoingiza kiganja. Rudi Januari, mvua zikiwa zimekolea: nyufa zimejifunga na udongo uleule mweusi unang'ang'ania buti. Mkulima wa pamba anazijua tabia zake. Fundi ujenzi naye lazima azijue, kwa sababu miguu ya jukwaa lake imesimama humo.

Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, na Bariadi makao makuu yake, kuta zimezidi kupanda, na mafundi wamepanda nazo. Usalama wao unaanzia chini.

Udongo wa mbuga ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mkavu, ni mgumu kama jiwe, ukilowa, hulainika. Sasa tupime mzigo. Tofali la saruji la nchi 6 huweza kukaribia kilo 30. Pandisha matofali 10, makarai mawili ya mota, fundi na saidia fundi: ni kama nusu tani, na yote inashuka kupitia ncha chache za mirunda. Mguu mmoja ukididimia, jukwaa huegemea. Likiegemea, uzito huhamia upande huohuo, nao huzidi kuzama. Ndiyo maana jukwaa lililokuwa imara jana jioni linaweza kuanguka asubuhi, baada ya mvua ya usiku.

Kinga yake haina gharama kubwa. Ondoa tope la juu, shindilia, kisha kila mguu ukalie ubao mnene na mpana. Usiukalishe juu ya tofali, kwani tofali hupasuka ghafla. Chimba mfereji ili maji yasituame miguuni.

Mirunda nayo ichaguliwe. Mibichi husinyaa ikikauka, na kamba zilizoifunga hulegea. Iliyolala chini muda mrefu huenda imeliwa na mchwa kwa ndani. Igonge, na ikitoa sauti ya uvungu iache. Mrunda wa kulala usitegemee msumari peke yake. Upigiliwe kipande cha mbao chini yake ili ukikalie. Weka mirunda ya mshazari, maana ndiyo inayozuia jukwaa kuyumba.

Jukwaa lisilofungwa jengoni lisipite kimo cha mara 4 ya upana wa kitako chake kwenye upande mwembamba. Kitako kikiwa mita 1.2, mwisho ni mita 4.8. Zaidi ya hapo, lifunge kwenye nguzo au ukuta uliokwisha kukomaa, kamwe si kwenye fremu ya dirisha.

Pa kusimama pawe na upana wa angalau sentimita 60, mbao zikiwa zimebanana. Ncha ya ubao ivuke mhimili kwa sentimita 15 hadi 30. Ikizidi hapo, atakayeikanyaga atapinduka nayo. Weka kizuizi cha mkono chenye kimo cha mita 1 hivi, kingine katikati, na ubao wa pembeni ili nyundo isimwangukie aliye chini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali wa usalama kazini, OSHA, inampa mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake. Lakini nyumba nyingi za mitaani hujengwa kwa makubaliano ya mdomo: mwenye nyumba anahesabu saruji, nondo na bati, jukwaa halimo. Fundi anaokoteza mbao zinazosubiri paa. Nawasihi wenye nyumba: liandikeni jukwaa kwenye bajeti, kama mnavyoandika saruji.

Nawe fundi, likague kila wiki, na kila baada ya mvua au upepo mkali. Kabla ya kushika ngazi, lizunguke na uinamie kila mguu. Ukiona ubao umezama au maji yametuama, usipande, na mwenzako asipande, mpaka pamerekebishwa.