Mbona programu hujifunga ghafla, halafu ukiifungua iko sawa?

Umebonyeza "Tuma", skrini ikapotea, na sasa hujui kama pesa zimeenda. Usitume tena! Angalia kwanza salio na orodha ya miamala yako. Muamala hukamilika kwenye seva, si kwenye simu, kwa hivyo programu kujifunga hakumaanishi pesa hazijatoka.

Sasa, mbona inajifunga siku moja moja tu?

Programu nyingi za Android huandikwa kwa Java au Kotlin, lakini kazi nzito, kama kusoma msimbo wa QR, mara nyingi huachiwa sehemu iliyoandikwa kwa C++. Tofauti kubwa iko kwenye memori, yaani nafasi ambayo programu huazima ndani ya simu.

Fikiria vibanda vya sokoni. Upande wa Java una msimamizi: hakodishi kibanda upya mpaka ahakikishe hakuna anayekitumia. Upande wa C++ hauna msimamizi huyo. Mtu anaweza kurudisha kibanda na bado abaki na ufunguo. Akirudi akute kiko tupu, hakuna neno. Akikuta mama mwingine ameshapanga nyanya zake, anazivuruga. Atakayelia ni mwenye nyanya, na kosa si lake.

Ndiyo maana ripoti ya simu huonyesha mahali programu ilipoangukia, ambapo huenda si mahali kosa lilipoanzia.

Tangu Android 11 ya mwaka 2020, kuna mtego unaoitwa GWP-ASan. Huchagua nafasi chache za memori kwa kubahatisha, na zikirudishwa huzitia kufuli. Anayekuja na ufunguo wa zamani anashikwa papo hapo, na ripoti inaonyesha nani alikodi, nani alirudisha na nani amerudi. Kwa kuwa nafasi ni chache, simu haiwi nzito. Lakini huenda kosa likapita simu nyingi kabla ya kunaswa.

Hapo ndipo tunakuhitaji. Ukiulizwa kama utume ripoti, kubali. Ukitupigia, tuambie saa, aina ya simu, toleo la programu na ulichokuwa ukifanya. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.