Uzito wa Supu Umo Mfupani na Kiazini

Mwezi Juni na Julai baridi ya Njombe huwa kali kiasi kwamba asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani. Katika hali ya hewa ya namna hiyo ndipo supu nzito ya nyama ya ng'ombe na viazi mviringo hupata heshima yake kamili: bakuli la moto, mchuzi unaong'ang'ania kijiko, nyama inayoachia mfupa bila kuvutwa. Wapishi wengi siku hizi huamini kwamba uzito na ulaini huo hutoka kwenye pakiti ya krimu au kwenye kijiko cha unga wa ngano. Mimi nasema hapana. Krimu ni pambo tu. Uzito wenyewe umelala ndani ya mfupa na ndani ya kiazi, na kinachoutoa ni joto, muda, na kujua nini kitangulie kuingia sufuriani.

Kazi huanzia buchani. Anayetaka supu nzuri asiombe steki. Aombe muundi, mkia au kidari, na kama muuzaji ana kongoro, amkatie kipande. Sehemu hizo ndizo zilizofanya kazi bila kupumzika maisha yote ya ng'ombe, kwa hiyo zimejaa protini iitwayo kolajeni, ile inayoshikanisha misuli na kuifunga kwenye mfupa. Kolajeni imeumbwa kama kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi tatu, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo nyuzi hizo zinavyozidi kufungamana. Ndiyo maana nyama ya ng'ombe mzima aliyelishwa porini huwashinda meno wenye haraka.

Ukiitia nyama hiyo motoni, mambo mawili hutokea kwa mwendo tofauti, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Joto la nyama likifika nyuzi 65 mpaka 70, misuli hujikunja na kukamua maji yake nje. Nyama hukakamaa na kuwa kavu, hata ikiwa imezama kwenye mchuzi. Mpishi akionja wakati huo husema ng'ombe huyu ni mgumu, kisha huongeza moto. Lakini kolajeni nayo imeshaanza kulegea polepole. Nyuzi zake tatu hufumuka, zikayeyukia kwenye mchuzi, zikawa jelatini. Baada ya saa mbili au tatu za moto mdogo, jelatini hiyo imeshajipenyeza katikati ya misuli ileile iliyokauka na kuilainisha, na iliyobaki imeupa mchuzi ule mnato unaosikika midomoni. Moto mkubwa hauharakishi jambo hili kwa kiasi cha maana, kwa sababu maji yanayotokota kwa fujo na yale yanayochemka taratibu yanakaribiana sana kwa joto. Fujo huongeza tu gharama ya gesi na kuichanachana nyama.

Mwinuko wa mahali nao una usemi wake. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Nairobi, na miji ya nyanda za juu kama Mbeya, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Njombe chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo mpishi wa Njombe anayesema nyama yake inachelewa kuiva anasema kweli ya kifizikia. Sufuria ya presha hulimaliza tatizo hilo, kwa kuwa mvuke uliobanwa hupandisha joto la maji mpaka karibu nyuzi 120, na muundi uliokuwa uchukue saa tatu huiva ndani ya saa moja.

Kabla ya maji, ikaange nyama. Ipanguse ikauke, pasha mafuta, iweke vipande vichache vichache, na usiigeuze mpaka upande wa chini uwe wa kahawia. Rangi hiyo ni zao la mkutano wa protini na sukari kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea, mkutano ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Humo huzaliwa mamia ya kemikali za harufu na ladha. Nyama iliyochemshwa tu hupata kidogo sana ya hayo, kwa maana maji katika sufuria ya kawaida hayavuki nyuzi 100. Ukirundika vipande vyote kwa pamoja, maji yanayotoka humo hushusha joto, na badala ya kukaanga unajikuta unachemsha. Ila usiambiwe kwamba kukaanga huko kunafunga maji ndani ya nyama. Imani hiyo ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na si kweli: ule mchirizo unaousikia kwenye kikaango ni maji ya nyama yanayotoka na kugeuka mvuke. Tunakaanga kwa ajili ya ladha. Ukoko wa kahawia uliobaki chini ya sufuria usiuoshe. Kaangia hapohapo vitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha mimina maji na uukwangue kwa mwiko, kwani nusu ya ladha ya supu iko pale.

Sasa kiazi. Zao hili lilianza kulimwa kwenye milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, yapata miaka 8,000 iliyopita, na bado linapenda miinuko na ubaridi. Sehemu kubwa ya kiazi ni maji, na kinachobaki zaidi ni wanga, uliofungwa katika punje ndogo ndani ya kila seli. Punje za wanga wa viazi ni kubwa kuliko za mahindi au mchele na zina uwezo mkubwa wa kunywa maji. Zikifika nyuzi joto 60 hivi huanza kufura, zikafumuka, na zile zinazotoka nje ya seli huufanya mchuzi kuwa mzito. Hiyo ndiyo krimu ya kweli ya supu hii, na haina mafuta hata kidogo.

Si viazi vyote hutoa kwa ukarimu uleule. Kipo kiazi cha unga, kinachovurugika kikiiva, na kipo chenye majimaji, kinachobaki na umbo lake. Ukitaka kuvipambanua, yeyusha kikombe kimoja cha chumvi katika vikombe 11 vya maji na utumbukize viazi vibichi humo. Cha unga ni kizito, huzama. Kile kingine huelea. Kwa supu hii napenda kuchanganya aina zote mbili, cha unga kiyeyuke na cha maji kibaki cha kutafuna. Ukiona kiazi kimegeuka kijani, kimekaa juani, na pamoja na ule ukijani huwa kimejikusanyia sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Kata sehemu hiyo yote pamoja na macho yaliyochipua, na kama ukijani umeenea, tupa kiazi kizima.

Viazi viingie nyama ikiwa imeshaiva, dakika 25 au 30 kabla ya kuipua. Visilowekwe vikishakatwa, maana wanga tunaoutaka utabaki kwenye maji ya kumwaga. Menya, kata, tia. Na nyanya zisubiri. Kuta za seli za kiazi hushikiliwa na pektini, gundi ya mimea, ambayo huyeyuka haraka kwenye mchuzi wa kawaida lakini hukakamaa penye asidi. Mpishi aliyetia nyanya nyingi au ndimu mwanzoni anaweza kuchochea mpaka mkaa uishe, na viazi vyake bado vikawa na kiini kigumu. Visubiri vilainike, ndipo nyanya ziingie.

Viazi vikishaiva, chota upawa mmoja au miwili pamoja na mchuzi wake, viponde kwa mwiko kwenye bakuli, kisha uvirudishe sufuriani. Utauona mchuzi ukibadilika palepale, kutoka maji yenye vijicho vya mafuta hadi kitu kimoja cha rangi ya maziwa. Blenda naiogopa hapa. Visu vyake hupasua punje za wanga kupita kiasi, na supu huanza kunata na kuvutika.

Maziwa, krimu au tui la nazi huingia mwisho kabisa. Protini ya maziwa iitwayo kasini huelea vizuri kwenye maziwa mabichi, lakini joto kali likikutana na asidi ya nyanya hushikana mabonge, na maziwa yakakatika. Krimu nzito ni salama zaidi kwa kuwa ina mafuta mengi na protini kidogo. Wanga wa viazi nao ni mlinzi, maana hukaa katikati ya protini na kuzizuia zisigandane, na hii ni sababu nyingine ya kuponda viazi kabla ya kumimina maziwa. Wapishi wa Pwani wanalijua hilo kwa tui: hulikoroga bila kuliacha mpaka lichemke, kwani likiachwa peke yake juu ya moto mkali hukatika, mafuta huku na maji kule. Chota mchuzi wa moto kidogo uchanganye na maziwa kando, mimina yote sufuriani, punguza moto, usiache itokote tena. Kwa kilo moja ya nyama yenye mifupa, viazi robo tatu ya kilo na lita mbili za maji, kikombe kimoja cha maziwa kinatosha. Malizia na pilipili manga na giligilani.

Supu inayobaki ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu nyumba nyingi huiacha sufuriani juu ya jiko mpaka asubuhi. Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens ambaye mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Sufuria kubwa nzito hupoa polepole, na ikifika nyuzi 40 na kitu, mbegu hizo huamka na bakteria huweza kuongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Igawe supu kwenye vyombo vipana visivyo na kina, iweke kwenye beseni la maji baridi mpaka ipoe, kisha iingize kwenye friji ndani ya saa mbili tangu uipue. Kesho yake utaikuta imeganda na inatikisika, jelatini na wanga vikiwa vimeshikana. Ongeza maji ya moto kidogo, koroga ukiwa kwenye moto mdogo, na uipashe mpaka ifuke mvuke na kuchemka kote, si pembeni tu.