Kilo za pamba zisifutwe kimyakimya

Mkulima wa pamba wa Bariadi anajua hasara ya daftari lenye mikono mingi: kilo zikibadilishwa bila maelezo, fedha zake zimepotea. Watengenezaji wa programu za kompyuta nao hukumbwa na tatizo hilo. Dawa yao kubwa ni Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila kijana hufanya kazi kwenye nakala yake, huandika alichobadilisha na sababu. Mwenzake hukagua kabla ya kuunganisha na kazi ya wote. Kosa likigundulika, toleo la awali hurudishwa.

Makarani wa vyama vya msingi Simiyu wanaweza kuiga: kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisifutwe, tarakimu sahihi iandikwe pembeni, na mtu wa pili atie saini.