Saa Nane za Tiketi, Saa Kumi na Tano za Safari

Tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York inaweza kusomeka hivi: kuondoka 23:30, kuwasili 07:30. Ndugu waliobaki nyumbani huhesabu saa nane, na saa ya tisa ikipita bila simu, roho huanza kuwadunda. Hakuna lililoharibika. Saa ya kwanza ni ya Nairobi, ya pili ni ya New York, ambako majira ya joto wako nyuma yetu kwa saa 7, na majira ya baridi kwa saa 8. Msafiri akitua huko saa moja na nusu asubuhi wakati wa joto, Nairobi ni saa nane na nusu mchana. Safari imemchukua saa 15.

Umbali wenyewe, toka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy, ni takriban kilomita 11,800. Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita Kameruni, Nigeria na Mali. Sasa chukua tufe, unyoshe uzi baina ya miji hiyo miwili. Uzi utapanda kaskazini-magharibi, juu ya Sudan Kusini, Chad, Algeria na Moroko, ndipo uingie Atlantiki. Kwenye ramani njia hiyo huonekana imepinda, lakini ndiyo fupi. Ile ya rula huizidi kwa zaidi ya kilomita 300. Dunia ni mviringo, na ramani imeifanya bapa. Hata hivyo rubani hafuati uzi huo kikamilifu: hukwepa dhoruba, na hukwepa anga zilizofungwa, kama ya Sudan baada ya vita kuzuka Aprili 2023.

Halafu kuna upepo. Kenya Airways ilipoanzisha safari hii tarehe 28 Oktoba 2018, ilipanga saa 15 za kwenda na 14 za kurudi, ilhali viwanja ni vilevile. Katika kimo cha kilomita kama 10, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, huvuma pepo kali kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi makali. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ikikabiliwa na upepo wa 100, husonga 800 tu juu ya ardhi. Upepo huo ukiwa mgongoni, hufika 1,000. Mabaharia wa majahazi, waliosubiri kusi na kaskazi, wasingeshangaa.

Basi ukimsindikiza mtu wako, usitoe saa ya kuondoka katika saa ya kuwasili. Tafuta kwenye tiketi palipoandikwa muda wa safari, kisha uhesabu kwa saa ya ukutani kwako.