Kutu Chini ya Rangi: Ukaguzi wa Gari la Kale la Spoti

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kauli hiyo inaliafiki gari la kale la spoti kama Datsun 240Z, aina iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Gari hili halina fremu ya pekee. Bodi yake ya mabati yaliyochomelewa pamoja ndiyo uti wa mgongo wake. Hivyo basi, kutu inapoila bodi, nguvu ya gari zima hupungua.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huichochea. Huanzia maji yanapotuama pasipo kuonekana: chini ya betri, sakafuni chini ya zulia, katika vizingiti vya milango na kando ya magurudumu ya nyuma. Fundi hugongagonga sehemu hizo kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu.

Madhara ya ajali za zamani hujificha zaidi. Sumaku hushika bati, lakini huteleza palipojazwa puti nene. Mwanya wa mlango usiolingana juu na chini huashiria kuwa huenda bodi ilipinda.

Ukaguzi huu sharti utangulie rangi, na hata ununuzi wenyewe. Injini mbovu huweza kung'olewa ikawekwa nyingine. Bodi iliyooza hudai miezi ya kazi, na ikipakwa rangi tu, humsaliti dereva siku ya ajali.