Odisheni ni dakika 2, nauli ni ya miezi 2

Unaijua ile foleni. Jumamosi, saa mbili asubuhi, nje ya Kenya National Theatre pale Harry Thuku Road. Mmoja anapasha sauti akiangalia ukuta, mwingine ameweka mguu juu ya ngazi akinyoosha misuli, na kuna dada mmoja amevaa viatu vya ofisini kwa sababu nyumbani aliaga kwamba anaenda kazini. Umebandikwa namba kifuani. Ukiitwa unaingia, unaimba kama dakika 2, mtu anasema "asante, tutakupigia" bila kuinua macho kwenye karatasi, na tayari uko nje kwenye jua ukijiuliza kama uliimba au uliota.

Kila nikiandika kuhusu tamthilia za muziki, yaani zile ambazo watu huimba, hucheza densi na kuigiza kwa pamoja kama Sarafina!, huwa napata swali lilelile: nifanyeje nishinde hizo dakika 2? Nitakujibu, usijali. Lakini wasanii wengi ninaowajua hawakuangushwa na odisheni. Waliangushwa na wiki ya tatu ya mazoezi, Jumatano, saa tatu usiku, mvua inanyesha, nauli ya Kangemi imepanda maradufu, na kesho asubuhi kuna mtihani chuoni.

Kwanza elewa mji wenyewe. Kule Broadway, New York, mchezo huonyeshwa mara 8 kwa wiki, na ukipendwa unaendelea kwa miaka. Mwigizaji ameajiriwa kama karani. Hapa kwetu mchezo mkubwa hufanyiwa mazoezi wiki nyingi, unaonyeshwa wikendi mbili tatu, kisha basi, kila mtu kwao. Si kwamba hatuna kazi nzuri. Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mwelekezi Stuart Nash, wameleta Sarafina!, Grease na Jesus Christ Superstar katika ukumbi huohuo wa KNT. Mwaka 2022 wakaleta Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Eric Wainaina naye alipeleka Mo Faya New York mwaka 2009, na 2018 Tinga Tinga Tales ikafika mji huohuo.

Na kama unaona mlango wa KNT ni mgumu kwako, kumbuka 1982. Wasanii wa Kamĩrĩĩthũ walitoka Limuru na Maitũ Njugĩra, mchezo uliojaa nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya. Walinyimwa kibali, wakakuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi hapo jirani, Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kutazama mazoezi. Mazoezi, manze, si mchezo wenyewe. Hata hayo yakaja kuzuiwa.

Kwa hivyo watu wa kutazama wapo, nyimbo zipo. Kisichokuwepo ni mshahara wa kila mwezi. Ukilijua hilo kabla ya kusimama kwenye foleni, utajifunza tofauti na utajaza fomu tofauti.

Tuje kwa mafunzo. Kazi hii inataka sauti, mwili na uigizaji, na ni nadra upate vyote mahali pamoja kwa bei unayoiweza. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, iko pale pale karibu na KNT na inafundisha sauti na nadharia ya muziki. Ukielekea upande wa magharibi, Dance Centre Kenya wanafundisha baleti. Huko ndiko Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa mabanda wa Kuwinda karibu na Karen, alikopitia kabla ya kwenda shule ya English National Ballet, London. Uigizaji wengi wetu tuliupata shuleni, kwenye tamasha za drama. Ushauri wangu: usilipie unachokijua tayari. Kama umeimba kanisani tangu ukiwa na miaka 7, pesa zako za kwanza ziende kwa densi. Kama wewe ni mchezaji densi wa mtaani Kawangware, tafuta mwalimu wa sauti hata mara moja kwa mwezi, na ujiunge na kwaya yoyote ya karibu, bure, ujifunze kushika sauti yako wakati jirani anaimba nyingine.

Kuna jambo moja linalowaumiza vijana wa kwaya na silisikii likizungumzwa. Sisi tumelelewa na solfa. Mwalimu anaandika d, r, m ubaoni, tunaimba, tunashinda kombe. Halafu unapata nafasi kwenye mchezo, unapewa kitabu kimejaa nota za mistari mitano, na unaona aibu kusema huzisomi. Unaanza kuimba kwa kumfuata jirani. Jirani akiugua, umeisha.

Usiitupe solfa, ni mali. Unachohitaji ni kujua "do" iko wapi kwenye ile mistari. Angalia mwanzoni mwa mstari, mkono wa kushoto. Ukiona alama za shapu, ile ya mwisho kulia ni "ti", kwa hivyo "do" iko hatua moja juu yake. Ukiona flati, ya mwisho ni "fa", hesabu kushuka: fa, mi, re, do. Kama hakuna kitu, "do" ni C. Kwa nyimbo za meja hiyo inakutosha kuanzia, na wiki mbili za dakika 15 kila siku kwenye matatu zitakufanya uimbe mstari rahisi bila kumtegemea mtu. Mimi nilijifunza hivyo kwenye 46, nikitumia nakala ya kitabu cha nyimbo cha mamangu, na makanga akidhani nasali.

Sauti nayo ni nyama, si roho. Najua Ijumaa kuna kesha kanisani na wewe ndiye unaongoza sifa. Ukipiga kelele mpaka alfajiri halafu saa mbili usimame mbele ya mwelekezi, usilaumu wivu wa watu. Maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Yanaingia tumboni, mwilini, na huchukua saa kadhaa kufika kazini. Kwa hivyo ile chupa unayobugia mlangoni imechelewa. Kunywa siku moja kabla. Chipsi na soda saa tano usiku, kisha kulala, huwaletea wengine asidi inayopanda hadi kooni na asubuhi sauti imekwaruza. Kunong'ona si kupumzisha sauti pia, nyamaza tu. Na ukikauka sauti zaidi ya wiki tatu, acha tangawizi, nenda ukaone daktari wa koo.

Sasa zile dakika 2. Chagua wimbo ambao mtu anabadilika ndani yake: anaanza akiogopa, anamaliza ameamua. Wanaokaa pale mezani wamesikia sauti nzuri 40 tangu asubuhi; wanatafuta mtu atakayesimulia. Usichague wimbo kwa sababu ya nota yake ya juu kabisa, maana nota hiyo itatoka au itakataa kulingana na baridi ya siku hiyo. Muziki wa kukusindikiza uhifadhi kwenye simu yenyewe, usitegemee bando, na uweke simu isipokee mawimbi. Nimewahi kuona wimbo wa huzuni ukikatwa na simu ya mtu wa mkopo. Ukumbi mzima ulicheka, na mwimbaji pia alicheka, na hakurudi kwenye ile huzuni tena.

Kwenye densi, wengi hudhani wanaangaliwa kama wanajua. Mara nyingi wanaangaliwa kama wanashika. Ukikosea mara ya kwanza na mara ya pili umerekebisha, huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi miezi miwili. Na kama umeambiwa odisheni ni saa mbili usiku kwenye Airbnb Kilimani, peke yako, na mtu usiyemjua, hiyo si odisheni. Usiende hata kuangalia.

Halafu kuna fomu. Kila mtu huikimbilia kama ni ya kuandika jina tu. Chini kuna mstari unaouliza siku ambazo hutapatikana. Hapo ndipo watu hudanganya, na najua kwa sababu nilidanganya. Niliandika "hakuna". Nilikuwa na mitihani ya mwisho wa muhula katikati ya mazoezi, lakini niliogopa wakiona tarehe hizo watampa nafasi mwingine. Nikachukuliwa kwenye kundi la waimbaji, wale wanaosimama nyuma na kuwa umati, polisi, wanafunzi, kila kitu. Nilikosa karatasi mbili. Nikajiambia nitazirudia. Mchezo ukaonyeshwa wikendi mbili, tukapiga picha, tukalia, tukaahidiana. Chuoni sikurudi. Mchezo haukunifukuza chuo, na mwelekezi hakujua lolote. Baadaye nilimuuliza angefanyaje kama ningeandika tarehe zile. Akasema, "Ningekupanga kwenye pazia la pili, siku hizo tunafanya la kwanza."

Basi andika ukweli. Na kabla ya kukubali nafasi, toa karatasi upige hesabu. Tuseme mazoezi ni jioni 4 kwa wiki, wiki 8. Hizo ni safari 32. Tuseme nauli ya kwenda ni Sh80 na ya kurudi usiku ni Sh100: Sh5,760. Ongeza chakula cha Sh100 kila jioni, maana hutaimba na njaa, ni Sh3,200 nyingine. Tayari uko karibu Sh9,000 kabla ya mvua. Sasa uliza unalipwa ngapi, kwa onyesho au kwa jumla, lini, na kama mazoezi yana nauli. Uliza pia kama mchezo utarekodiwa na kuuzwa mtandaoni, na wewe utapata nini. Uliza kwa adabu, lakini upate jibu kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp. Ukiambiwa umekatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, toa PIN yako ya KRA na uombe cheti cha makato hayo. Hata jibu likiwa "hatulipi", bado unaweza kukubali kwa sababu unataka kujifunza. Ila ukubali ukijua.

Siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hujajua majina ya watu, jua wanaishi wapi. Wa Kangemi na Uthiru wakae pamoja, wa Kawangware na Lavington pamoja, wa Karen na Ngong pamoja. Kundi letu la WhatsApp la njia yetu lilidumu kuliko kundi la mchezo wenyewe. Watu wanne kwenye Bolt moja usiku wa mvua wanalipa karibu sawa na matatu, na hakuna msichana anayevuka University Way na kuteremka Koinange Street peke yake saa nne.

Kuhusu mwaka mzima, usingojee mchezo hadi mchezo. Mwanzoni mwa mwaka shule hutafuta watu wa kuwaandalia michezo ya tamasha za drama, na ukiwa umewahi kusimama jukwaani wewe ni mtu wa kutafutwa. Kuna vikundi vinavyozunguka shule za upili vikiigiza vitabu vya fasihi. Shule za upande wa Lavington na Karen huandaa tamthilia za muziki za wanafunzi, na huhitaji wa kufundisha densi au kushika kwaya. Jifunze pia taa, au kazi ya kusimamia jukwaa. Yule mtu wa vifaa vya sauti kwenye masikio, anayenong'ona "taa, sasa", humwona akiwa hana kazi.

Yule dada wa viatu vya ofisini alichukuliwa. Nyumbani alisema ukweli wiki ya pili, baada ya mamake kumkuta jikoni akiimba sauti ya alto ya wimbo ambao haukuwa wa kanisa. Hawakuzungumza kwa siku tatu. Kisha mama akauliza mazoezi yanaisha saa ngapi. Tangu hapo alikuwa akimngoja stejini Kawangware, na Jumamosi ya mwisho nilimwona ndani ya ukumbi, safu ya tatu, koti la mvua la binti yake likiwa limekunjwa mapajani.