UMBALI AU SAA? KUPUNGUZA SWALA KWA MSAFIRI WA NDEGE

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Husikika misikitini mwetu hapa Singida watu wakisema: "Lami imefika Dodoma, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ndege huchukua kiasi cha saa moja tu. Iko wapi taabu ya safari hata mtu apunguze swala?" Kwa hoja hiyo wageni wengine hulaumiwa bila haki.

Asili ya ruhusa hii ni Suratun Nisaa, aya ya 101, ambayo imetaja safari pamoja na hofu ya adui. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Ya'la bin Umayya alimwuliza Sayyidna Umar (R.A.) kuhusu kupunguza ilhali watu wamekwisha pata amani. Umar akamjibu kuwa naye alistaajabia jambo hilo, akamwuliza Mtume (S.A.W.), akabainishiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Allah, basi ipokelewe. Ikiwa ruhusa haikuondoka kwa kuondoka hofu, vipi iondoke kwa kupungua taabu?

Wanazuoni wa Usuli wametofautisha baina ya hekima ya hukumu na illa yake. Taabu ni hekima. Illa ni safari yenyewe. Mkulima wa alizeti anayelima juani kutwa nzima shambani kwake huswali Dhuhuri rakaa nne, na aliyekaa ndani ya ndege huruhusiwa mbili.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, safari hiyo hupimwa kwa umbali: farsakh 16, yaani maili 48 za Kihashimi. Wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Mafakihi wa Kishafi wameeleza wazi kuwa mwenye kuukata umbali huo baharini kwa saa moja hupunguza. Ndege ina hukumu hiyo hiyo, ingawa huumaliza kwa dakika chache. Hata Mahanafi, wanaosema mwendo wa siku tatu, wamekusudia mwendo wa miguu na ngamia.

Kwa hiyo, aendaye Ikungi kutoka Singida mjini hapunguzi, kwani hazifiki kilomita 50, wala haifai kujumlisha kwenda na kurudi. Aendaye Manyoni, zaidi ya kilomita 100, hupunguza. Na aendaye Dodoma, kiasi cha kilomita 240, ni wazi zaidi.

Yazingatiwe mambo matatu. Kwanza, ruhusa huanza baada ya kuyaacha majengo ya mji. Mkazi anayesubiri ndege katika kiwanja kilichomo ndani ya mji wake huswali kamili. Pili, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha tangu afikapo. Tatu, msafiri akimfuata imamu anayekamilisha, naye hukamilisha.

Na msafiri akiwaswalisha wenyeji, awatangazie wakamilishe, kama alivyofanya Sayyidna Umar (R.A.) Makka. Tangazo hilo fupi huondoa ugomvi msikitini.

Wallahu a'lam.